Kuhama Pemba na watoto wadogo: maswali ninayoulizwa kila wiki

Huu mwaka wa tatu tangu tuhame Pandani, Wete, tukaja kukaa Fuoni, Unguja. Mume wangu alihamishwa kazi, nami nikafuata na watoto watatu: wakati ule mkubwa anakaribia miaka sita, wa pili minne, mdogo miezi minane na meno mawili. Tangu hapo kila mama anayefunga mizigo Wete au Micheweni hupewa namba yangu, sijui na nani, na maswali yao ni yale yale. Nimechoka kurekodi sauti huku nakuna nazi. Majibu haya hapa.

Nikifika nishughulikie nini kwanza, nyumba au skuli?

Majirani. Nasema hivi kwa sababu mimi nilianza na mapazia. Wiki ya kwanza nilikuwa juu ya kiti napiga misumari, mlango wa mbele uko wazi kama tulivyozoea kwetu, wa pili akatoka. Pandani mtoto wa miaka minne akitoka hana pa kupotelea. Atafikia kwa ami yake, au mtu atamuuliza "mwana wa nani weye?" na jibu lolote atakalotoa litamrudisha nyumbani kabla ya adhana. Fuoni alipoulizwa ni mtoto wa nani alijibu "wa mama". Unakaa wapi? "Kwetu." Tulimkuta njia ya tatu, kakaa barazani kwa watu asiowajua, kashika andazi walilompa, wala halii. Aliyekuwa akilia ni mimi.

Jioni ile ile nilivaa buibui nikapiga hodi nyumba saba, mdogo mkononi na wawili nyuma: sisi wageni, tumetoka Pemba, hawa ndio wanangu, mkiwaona wako mbali tafadhalini warudisheni. Nilichukua sahani ya haluwa niliyokuja nayo. Mama wa nyumba ya mbele akaniuliza mbona nimekawia, wiki nzima walikuwa wakiangalia mapazia tu.

Basi siku ya kwanza mfundishe mtoto majina yake matatu, mtaa wenu, na alama moja isiyohama. Yetu ni msikiti. Kwanza tulichagua gari bovu lililoegeshwa pembeni ya njia, na siku moja likaondolewa. Namba ya simu iandike kwa wino ndani ya ukosi wa shati lake, ya kukariri itakuja baadaye.

Na kwa sheha twende lini?

Siku hizo hizo za mwanzo, na barua ya sheha wa mnakotoka. Sheha ndiye kiongozi wa shehia, eneo dogo la utawala mnakokaa, na ndiye mwenye daftari la wakaazi wake, na barua yake utaidaiwa mara nyingi kuliko unavyodhani, kuanzia huko skuli.

Wanangu hawajapanda boti hata siku moja, na mama yangu anaogopa kuliko wao.

Hofu ya mama yako usiicheke. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 MV Spice Islander ilizama upande wa Nungwi ikitoka Unguja kwenda Pemba, imejaza watu kupita kiasi, na waliokwenda walikuwa ndugu na majirani zetu. Bibi yao wanangu siku ya safari alikaa na tasbihi tangu asubuhi mpaka nilipompigia kuwa tumeshuka Malindi, bandari ya Unguja. Nilimwacha. Nilichomuomba ni kimoja tu, asiwaage watoto kwa sauti ya msibani. Mtoto wa miaka mitano hajui mkondo wa Nungwi ni nini, lakini sauti ya bibi yake anaijua.

Kuhusu kutapika: wakati wa upepo wa kusi boti huchezeshwa zaidi. Wape kitu kikavu muda mrefu kabla ya kupanda, boflo (mkate) tupu inatosha. Kaeni ukumbi wa chini, katikati ya chombo. Nguo za kubadili na kanga mbili tatu ziwe kwenye mkoba wa mkononi. Zangu niliziweka kwenye begi lililokwenda kwenye mizigo, nikashuka Malindi nimembeba mtoto aliyezongwa mtandio wangu, mimi mwenyewe kichwani nina taulo.

Mtoto alikwisha acha kukojoa kitandani. Tangu tuhame ameanza tena. Anaumwa?

Mara nyingi haumwi. Watoto wadogo wakipata mtikisiko hurudi nyuma kidogo: mwengine hukojoa, mwengine hutaka kulishwa, mwengine huongea kitoto. Kama ana homa, analia akikojoa, au ghafla anakunywa maji kupita kawaida, hapo mpeleke kituo cha afya, usikae kusubiri azoee.

Wangu mkubwa alianza usiku wa tatu. Nilikuwa namuuliza mbona hasemi akibanwa, hanijibu. Siku moja naanua godoro akaniuliza, popo wa huku wanalala wapi? Kila tulipopita na gari ya abiria namba 606 kwenda Chake, baba yake alikuwa akimwonesha njia ya kwendea Kidike, kwenye msitu wa popo, na kumhadithia popo wa Pemba, ambao mabawa yao yakifunguliwa huzidi mita moja na nusu. Na kwetu usiku una sauti zake, komba juu ya miti, matawi kwenye bati. Fuoni usiku ni honda (pikipiki) zinapita na televisheni ya jirani. Choo kilikuwa mwisho wa ukumbi, taa inawashwa kwa swichi asiyoifikia, na nje kuna kelele asizozijua. Hakuwa mzembe, alikuwa anaogopa kushuka kitandani.

Tukaweka taa ndogo ukumbini na ndoo karibu na mlango. Ikachukua kama miezi miwili. Godoro nilianika uani, kamwe si mbele ya nyumba, na lile neno la kikojozi nililipiga marufuku hata kwa wageni waliokuja kututazama. Kuna shangazi mmoja alinuna. Akanuna.

Skuli zinataka nini?

Cheti cha kuzaliwa, barua ya uhamisho ikiwa alikwisha anza huko Pemba, na barua ya sheha. Kwetu Zanzibar maandalizi (chekechea) nayo ni sehemu ya elimu ya lazima tangu sera ya mwaka 2006, na darasa la kwanza mtoto huingia ana miaka sita. Usikae ukasema bado mdogo.

Jambo ambalo hukuambiwa ni mkondo. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar nzima, na 893,169 kati yao wako Mkoa wa Mjini Magharibi. Karibu nusu yetu tumebanana hapa. Kwa hiyo zipo skuli za serikali huku zinazosomesha kwa mikondo miwili, wa asubuhi na wa mchana. Uliza mtoto atawekwa mkondo gani kabla hujalipa kodi ya nyumba. Wangu alipangiwa mchana. Asubuhi nzima yuko miguuni mwangu, akirudi jua linazama, kachoka, anataka kula, kuoga na kulala kwa pamoja. Mwaka uliofuata alihamia asubuhi, nyumba ikapumua.

Chuoni (madrasa ya Kurani) niwapeleke mapema au niwaache kwanza wazoee?

Wapeleke wiki ya kwanza. Hili ndilo jambo moja nililolifanya sawa, na nililifanya kwa bahati, kwa kuwa chuo kilikuwa nyumba ya nne kutoka kwetu.

Mkubwa wangu alikuwa ameanza Juzuu Amma kwa mwalimu wake wa Pandani. Kila kitu chake kilikuwa kimebadilika, kitanda, njia, ladha ya maji, hata mlio wa mfereji. Alipokaa kwenye jamvi maalim akamwambia soma ulipofika. Akasoma. Wenzake wakasoma naye, sura ile ile, kwa kuyumba kule kule. Alirudi nyumbani akaniambia, "Mama, na huku wanaijua." Alidhani ameiacha Pemba pamoja na mbuzi wa babu yake.

Chuoni pia hakuna aliyemcheka anavyosema. Alifu haina Kipemba wala Kiunguja.

Skuli lakini wanamcheka. Nimsahihishe?

Hapana. Hapa nina msimamo na sitaki kuubadilisha.

Wangu wa pili alianza maandalizi akisema "ntoto" na "vino" (hivi) na "njoo kuno" (huku), kama bibi yake, kama mimi nikiwa na mama yangu kwenye simu. Wiki ya pili akarudi akakataa kusema kabisa. Akitaka maji anaonesha kikombe. Nilipomdadisi sana akanong'ona, "Mimi nasema kibaya." Mtoto wa miaka minne!

Kiunguja ndicho kilichochaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Hao waliomcheka mwanangu wanajisifia ushindi wasioupigania. Nilikwenda skuli, sikwenda kugomba. Nilikaa na mwalimu wake, nikamwambia Bi, huyu akisema "ntu" anamaanisha mtu, naomba usimsahihishe mbele ya wenzake. Yule mwalimu akacheka, akaniambia mama yake mzazi ni wa Konde, huko huko Pemba. Kesho yake akawafundisha darasa zima "vino" kama neno jipya. Wiki nzima mtaani watoto wa Fuoni wanaitana "njoo kuno".

Mtoto ataokota Kiunguja mwenyewe, bila ya kufundishwa. Wangu sasa ana sauti mbili, ya njiani na ya nyumbani, na anazibadilisha kwenye kizingiti cha mlango kama anayevua viatu. Nyumbani wewe sema kama ulivyozaliwa ukisema. Ukimsahihisha na wewe, atakwenda wapi?

Hawali. Nikipika kila kitu wanasema si hivi.

Wana haki. Kule nazi inaokotwa, muhogo unang'olewa nyuma ya nyumba, shelisheli anagonga jirani mlangoni na kukuachia. Huku nazi unainunua na imekaa sokoni siku kadhaa. Ladha si ile.

Punguza vita. Sisi tulibakisha chakula kimoja cha kwetu kwa siku, asubuhi, muhogo wa kuchemsha au uji, na mchana wakala tunachokula wote. Bibi yao hututilia kipolo (gunia dogo) kwenye boti kila akipata mtu: muhogo, mkate wa mofa, na msimu wake shokishoki. Baba yao hukipokea Malindi. Mkubwa hukifungua mwenyewe, anatia uso ndani ya polo ananusa kabla hajatoa kitu. Msimu wa karafuu gunia lote hunuka karafuu hata kama hamna hata punje moja, na hapo wa pili hukumbuka alivyokuwa akiokota mpeta (karafuu zilizoanguka) chini ya mikarafuu mpaka bibi akamkataza.

Kliniki ya mtoto inakuwaje, nianze upya?

Huanzi upya. Kadi ya kliniki ndiyo inayozungumza, popote Unguja wataendelea ulipoachia. Chanjo ya surua na rubela hutolewa miezi 9 na miezi 18, na ndizo zinazosahaulika zaidi kwa wanaohama, kwa sababu mtoto alikwisha maliza zile za mwanzo na mama ana mambo mia. Kadi isikae kwenye begi la nguo. Nani aliniambia hivi? Begi langu la nguo.

Watoto wangu wamezoea kucheza nje. Huku barabara iko mlangoni.

Hili bado linanikosesha usingizi. Mtoto wa Pemba anajua kupanda mti, anajua wapi pana siafu, lakini honda inayotokea pembeni mwa ukuta haijui. Wiki za mwanzo nilikuwa nawafungia ndani, wakawa wanapigana toka asubuhi mpaka jioni.

Wenyeji ndio walionitoa. Kuna kiwanja nyuma ya nyumba za mtaa wa pili, alasiri watoto wanacheza nage na gololi, na daima yupo mama mmoja au wawili wamekaa kwenye kivuli wanachambua mchele. Hakuna zamu iliyoandikwa. Unakuja na kazi yako unakaa. Nilikuja na ungo wangu mara tatu bila kusemeshwa sana. Mara ya nne mmoja akaniachia wanawe wawili akaenda dukani bila kuaga. Nikajua nimeingia.

Nichukue mtu wa kunisaidia?

Ukiweza kumlipa mtu mzima, chukua. Usiende kumtoa mtoto wa dada yako skuli huko Pemba aje akulelee wako kwa jina la kusaidiana. Tunaifanya sana, na tunaiita ihsani.

Bibi yao anataka kuongea nao kila siku, wao wanakimbia.

Bibi yetu hakubali kuwa simu ya picha haiwekwi sikioni. Kwa hiyo kwa miezi wanangu wamekuwa wakizungumza na sikio lake, hereni ya dhahabu na ukingo wa kanga. Mwanzo walicheka, kisha wakakimbia. Mtoto hana habari za kutoa. Ukimwambia msalimie bibi, atasalimia, kisha?

Tulichofanya ni kuwapa kazi. Jioni bibi anapowaita kuku, simu inakaa kwenye dirisha la jiko lake, nao wanawahesabu wanaopita. Mmoja akikosekana wanapiga kelele kutoka Fuoni. Dakika tano, basi. Siku nyengine bibi hurekodi sauti tu, anawasimulia nani kaozesha na nani kaangukiwa na dafu, wanaisikiliza wakiwa wamelala mmoja juu ya mwengine.

Mimi mwenyewe nalia. Ni kawaida au nimezidi?

Swali hili huja usiku, tena kwa maandishi, hakuna anayelirekodi kwa sauti.

Mimi nililia chooni kila asubuhi kwa kiasi cha miezi mitatu. Sababu ikinijia leo naiona ndogo: sikuwa na wa kumpa mtoto nikaoge. Pandani mkono ulikuwepo muda wote. Mama, wifi, mtoto wa jirani, unampitisha mtoto tu kama sahani, na hukumbuki hata nani kampokea. Hapa nilimweka kwenye beseni kavu mlangoni mwa choo, naoga huku naimba ili asidhani nimepotea. Mume wangu ana zamu za usiku, mchana analala, na nilikuwa nikimwonea haya kumwamsha. Siku nilipomwamsha akaniambia, "Mbona hukusema?" Nilimtazama.

Akachukua saa moja kila siku baada ya adhuhuri, watoto wote watatu, mimi simo. Niliitumia mara nyingi kulala. Ikiwa kwako wiki zinapita, hulali hata mtoto akilala, huli, au unapata mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, huko si kuzoea tena. Mwambie mtu leo na uende kituo cha afya.

Inachukua muda gani mpaka wazoee?

Mdogo siku kumi. Wa pili nusu mwaka. Mkubwa karibu mwaka, na ndiye niliyedhani ataelewa upesi kwa kuwa anaelezeka. Kumbe aliyekuwa na vingi ndiye aliyeacha vingi.

Turudi Pemba sikukuu ya kwanza, au itawavuruga?

Rudini, ila tiketi zitafuteni mapema, siku za sikukuu boti hujaa. Sisi tulikwenda, wakavaa nguo mpya, wakapelekwa Tibirinzi, kiwanja cha sikukuu cha Chake, wakapewa mkono wa idi, wakala mpaka wakaumwa. Siku ya tatu wa pili akaniuliza mbele ya bibi yake, "Tunarudi lini kwetu?" Bibi alikuwa anapepeta mchele. Akapepeta kidogo tena, kisha akamwuliza kwenu kunoje? Mtoto akaanza kumweleza kuhusu kiwanja.

Mwaka wa pili tulibaki Unguja, tukawapeleka Kariakoo, kiwanja cha sikukuu cha hapa Unguja, na watoto wa nyumba ya mbele. Vita ya bembea ni ile ile.

Paka je, tuje naye?

Wetu tulimwacha. Bibi anasema alikaa siku mbili mlangoni anangoja, ya tatu akahamia kwa jirani mwenye samaki.